Kutojali Mavazi: Mambo Mengi Chini ya Shati Moja

Mtu akivaa shati lililochujuka mwaka wa tano sasa, nywele akazikata pale tu zinapoanza kumwingia machoni, na kioo akakitazama kwa kunyolea basi, walio karibu naye hawakosi la kusema. Huyu atasema ni mvivu. Yule atasema hana makuu. Mwingine atasema ni ubahili, na mwingine atanong'ona kwamba huenda kuna jambo linamsumbua. Kila mmoja ana hakika na neno lake, kwa kuwa amewahi kumfahamu mtu wa aina hiyo na hukumu yake haikumpotosha. Na kweli, wote wanne wanaweza kuwa wamesema sawa, ila wamesema juu ya watu wanne tofauti ambao nguo zao zinafanana.

Mkanganyiko wote unaanzia hapo. Tunaichukulia hali ya kutojali mitindo na mwonekano kana kwamba ni tabia moja, ama ya kusifiwa ama ya kulaumiwa, ilhali ni mambo kadhaa yasiyo na undugu ambayo huishia kwenye nguo zilezile. Anayetaka kuyatenganisha hatasaidiwa sana na kuzikagua nguo. Itamfaa zaidi kuuliza fikra za mwenye nguo zinakwenda wapi: anapovaa anafikiri nini, na akishavaa anaendelea kujitazama kwa kiasi gani.

Kuna pia mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyafunga katika furushi moja. Kutojali mitindo ni kutofuatilia kinachovaliwa msimu huu; mtu wa hivyo anaweza kuwa mtanashati kupindukia, shati limenyooshwa kwa pasi na viatu vinang'aa, ila ni shati la mkato wa miaka ishirini iliyopita. Kutojali mwonekano kunakwenda mbali zaidi, kwani hapo hata hiyo pasi haimjii mtu akilini. Kutojali usafi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu harufu inawafikia wengine waliomo chumbani, na mkato wa shati haumfikii mtu. Wengi wanaojisifu kwamba hawajali wako kwenye la kwanza tu. Na wengi wanaolaumiwa hulaumiwa kana kwamba wako kwenye la tatu, wakati kosa lao ni la kwanza, kama kweli ni kosa.

Anayekataa si asiyejali

Kundi linalodhaniwa mara nyingi kuwa la wasiojali ni la wanaokataa, nalo ni la kale sana. Antisthenes wa Athens, mfuasi wa mwanafalsafa Socrates, alivaa joho kuukuu na alilivaa kwa fahari. Diogenes Laertius, aliyeandika maisha ya wanafalsafa wa Ugiriki katika karne ya 3, anasimulia kwamba Antisthenes aliwahi kuligeuza joho lake ili upande uliochanika uonekane na watu. Socrates akamwambia kwamba kupitia tundu lile anaiona hamu yake ya kusifiwa.

Maneno hayo yanafafanua jambo zima. Antisthenes alijali vazi lake kuliko tajiri yeyote aliyepita pale sokoni siku hiyo. Alijua limechanika wapi, alijua nani anatazama, na alijua anataka wafikiri nini. Alichobadilisha ni alama tu: kwa wengine heshima ilikaa kwenye kitambaa cha bei, kwake ilikaa kwenye tundu.

Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, mwaka 1904, mwanasosholojia wa Ujerumani Georg Simmel alichapisha insha kuhusu mitindo ambayo inaliweka suala hili wazi. Mtindo, alieleza, unaishi kwa kuzituliza hamu mbili zinazopingana: kutaka kufanana na wenzako na kutaka kujitofautisha nao. Anayeufuata ameukubali. Anayeukimbia kwa makusudi naye ameukubali, isipokuwa ameuwekea alama ya kutoa mbele yake. Ni lazima ajue kinachovaliwa ili asikivae. Upekee anaouhisi hautokani na chochote kilichomo ndani yake. Unatokana na kukanusha tu wanachofanya wengine.

Ndiyo maana uasi wa mavazi haudumu. Wapanki wa London, vijana waasi wa muziki wa panki, katika miaka ya 1970 walichana nguo zao na kuzishikiza kwa pini, makusudi zichukize. Kufikia mwaka 1977 mbunifu Zandra Rhodes alikuwa amekwisha kuwasilisha magauni ya bei yenye matundu na pini zilizopangwa kwa ustadi. Anayeasi analazimika kuhama kila mara mtindo unapomfikia, na mtu anayehama kila mtindo unapohama hawezi kusema kwamba haujali.

Kukataa kunaweza kuwa jambo tukufu, na sitaki ieleweke vingine. Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, alipoacha mavazi yake huko Madurai, kusini mwa India, mwezi Septemba 1921 na kubaki na kitambaa cha kiunoni, alifanya hivyo ili afanane na wakulima maskini na kuwahimiza Wahindi wavae vitambaa vilivyosokotwa na kufumwa kwa mikono yao wenyewe. Lilikuwa tendo la kisiasa lililopimwa kwa makini. Kumweka Gandhi katika orodha ya watu wasiojali mavazi ni kumpunguzia haki yake, kwa sababu ni wachache waliowahi kufikiri kwa kina kama yeye juu ya maana ya kitambaa mwilini mwa mtu.

Watu wa dini waliuona mtego huu mapema, kwani wao ndio waliojitahidi kuliko wote kuyashinda majivuno ya mavazi. Katika mji wa Nishapur, Khorasan, ulioko Iran ya leo, karne ya 9, lilikuwepo kundi la Waislamu wacha Mungu lililoitwa Malamatiyya, ambalo mmoja wa viongozi wake alikuwa Hamdun al-Qassar. Mavazi ya Masufi, Waislamu waliojitenga na anasa ili wamkaribie Mungu, yalikwisha kuwa alama ya ucha Mungu. Aliyeyavaa aliheshimiwa njiani. Malamatiyya walihofia heshima hiyo. Waliona kwamba joho la viraka linaweza kumvimbisha mtu kichwa sawasawa na joho la hariri, na pengine zaidi, kwa sababu mwenye hariri angalau anajua kwamba anajionyesha. Basi wakavaa kama watu wa kawaida wenye kazi zao sokoni, wasitambulike.

Waquaker wa Uingereza, madhehebu ya Kikristo, walianza karne ya 17 wakihimizana kuacha mapambo, na kadiri miaka ilivyokwenda usahili ule ukawa sharti lenye rangi na mkato wake. Margaret Fell, mmoja wa waasisi wao, alikuwa amezeeka mno alipowaandikia mwaka 1700 kuwaonya kwamba kuwataka wote wavae vazi moja la rangi moja ni injili duni ya kipumbavu. Alikuwa ameona tangu mwanzo kilichokusudiwa: roho ya mtu itoke kwenye nguo na ishughulike na mengine. Sasa aliona watu wakikaguana upana wa kola.

Napenda kuwaweka wote hao pembeni ya Socrates mwenyewe. Plato, mwanafunzi wake, anasimulia kwamba huko vitani Potidaea alitembea peku juu ya barafu, akiwa na joho lake lilelile la siku zote. Lakini Plato huyohuyo anasimulia kwamba alipoalikwa kwenye karamu ya mshairi Agathon alioga na kuvaa viatu, na alipoulizwa akajibu kwamba anakwenda kwa mtu mzuri, naye inambidi awe mzuri. Asiyejali kwa dhati anaweza kupendeza leo na kupauka kesho bila kuhisi kwamba amesaliti msimamo, kwa kuwa hana msimamo wa kuulinda.

Walioamua mara moja

Kundi la pili linalokosewa ni la watu wenye sare ya kujitungia. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa kampuni ya kompyuta ya Apple, alivaa fulana nyeusi ya shingo ndefu hadi ikawa sehemu ya sura yake. Wazo lilimjia baada ya kuona sare za wafanyakazi wa Sony nchini Japani. Alijaribu kuwashawishi wafanyakazi wa Apple nao wavae sare, wakamzomea, akabaki na yake peke yake. Alimwomba mbunifu Issey Miyake amtengenezee fulana hizo, akapata kama mia moja. Mark Zuckerberg, mwasisi wa Facebook, alipoulizwa hadharani mwaka 2014 kuhusu fulana yake ya kijivu, alijibu kwamba anataka kupunguza kadiri awezavyo maamuzi yasiyohusu kazi yake. Barack Obama, akiwa rais wa Marekani, alieleza mwaka 2012 kwamba alivaa suti za kijivu au za bluu tu kwa sababu hiyohiyo.

Hawa hutajwa sana kama mfano wa kutojali. Sikubaliani. Mtu anayemwendea mmoja wa wabunifu mashuhuri duniani ili amtengenezee fulana ya kila siku amelifikiria vazi lake kuliko wengi wanaobadilisha nguo kila asubuhi. Usione vyaelea, vimeundwa. Alichofanya ni kufikiri kwa wingi mara moja ili asifikiri tena, na matokeo yake yalikuwa mwonekano uliotambulika haraka kuliko wa mfanyabiashara yeyote wa wakati wake.

Maelezo yanayoambatana na sare hizi nayo yanahitaji kuangaliwa upya. Inasemwa kwamba kila uamuzi mdogo unakula akiba ya nguvu za akili, hivyo anayeokoa uamuzi wa nguo atakuwa na nguvu zaidi kwa maamuzi makubwa. Dhana hiyo iliegemea utafiti wa Roy Baumeister na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998, kwamba uwezo wa kujitawala huchoka ukitumiwa. Ilikubalika sana. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia kwa pamoja jaribio la aina hiyo zikiwa na washiriki zaidi ya 2000, na athari iliyopatikana ilikaribia sifuri. Anayevaa fulana ileile kila siku anaokoa dakika za asubuhi, anaepuka kabati lililofurika, na anajiondolea wasiwasi wa kama amependeza. Sababu hizo zinatosha. Hakuna haja ya kumwahidi kwamba mchana atafikiri vizuri zaidi.

Wasiokuwa na mtazamaji

Wanaobaki ni wale ambao jambo hili haliwagusi kabisa, nao ni wagumu kueleweka kwa sababu hawana la kueleza. Ukimuuliza mtu wa namna hii kwa nini amevaa sweta lenye tundu, atalitazama tundu lile kama ndiyo kwanza analiona, na kwa kweli ndiyo kwanza analiona. Alipoamka alichukua nguo iliyokuwa juu. Hakukusudia ujumbe wowote, na anayetafuta ujumbe hapo atautunga mwenyewe.

Ili kumwelewa, inafaa kwanza kuelewa kinachoendelea kwa sisi wengine. Wengi wetu tunatembea na mtazamaji kichwani, anayetuangalia kutoka nje na kutuambia kola imekunjika, tumbo limejitokeza, viatu havilingani na mkanda. Mtazamaji huyo hutia chumvi. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio ambalo lilimtaka mwanafunzi avae fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, jambo la kuaibisha kwa vijana wale, kisha aingie chumba chenye wanafunzi wengine. Waliovaa fulana hiyo walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangeweza kusema ni picha ya nani. Walioweza walikuwa kama robo hivi.

Mtazamaji huyo pia analipwa mshahara, na mshahara wake ni umakini wetu. Barbara Fredrickson na wenzake walichapisha mwaka 1998 jaribio ambalo washiriki walijaribu vazi wakiwa peke yao mbele ya kioo, wengine nguo ya kuogelea, wengine sweta, kisha wakafanya hesabu wakiwa bado wamelivaa. Wanawake waliovaa nguo ya kuogelea walifanya vibaya zaidi katika hesabu kuliko wenzao wa sweta. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Kilichokuwemo ni kioo, na mazoea ya miaka mingi ya kujiona kwa macho ya wengine.

Asiyejali, basi, ni mtu ambaye mtazamaji huyo hayupo, au yupo lakini sauti yake ni hafifu. Ni rahisi kudhani kwamba mtu wa hivyo anajiamini katika kila jambo, na hapo wengi hukosea. Jennifer Crocker na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 2003, walionyesha kwamba watu hutofautiana katika mambo wanayoyategemea ili wajione wana thamani. Walipima saba: mwonekano, kukubaliwa na watu, kuwashinda wengine, mafanikio ya masomo, upendo wa familia, uadilifu, na kupendwa na Mungu. Mtu anaweza kuwa mtulivu kabisa kwenye la kwanza na akawa mahututi kwenye jingine. Yuko msomi ambaye ukimwambia suruali yake imepauka atacheka kwa moyo mweupe, lakini ukimwonyesha kosa katika hoja yake hatalala usiku ule. Mtazamaji wake yupo. Amehamia kwenye karatasi.

Wengine wanaoonekana hawajali wana sababu iliyo karibu zaidi na ngozi. Watu wengi wenye usonji (autism, hali ya ubongo inayoathiri namna mtu anavyohisi na kuwasiliana) husumbuliwa vikali na mguso wa vitu ambavyo wengine hawavihisi: lebo ya shingoni, mshono wa soksi, kitambaa kinachokwaruza, kola inayobana. Vigezo vya utambuzi wa usonji vinavyotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani vilijumuisha rasmi hisi kali za namna hii mwaka 2013. Mtu wa aina hii anayevaa suruali ileile laini kila siku anajali nguo zake sana. Anazijali kutoka ndani, jinsi zinavyomgusa, na wanaomtazama kutoka nje wanaona uzembe.

Nani anaruhusiwa kutojali

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu yuko huru kujichagulia. Kwa karne nyingi hakuwa huru. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth I wa Uingereza alitoa tangazo lililopanga nani avae hariri ya zambarau, nani nyuzi za dhahabu, nani asivae kabisa. Sheria za namna hiyo zilifutwa nchini humo mwaka 1604. Nchini Ufaransa, Baraza la Mapinduzi liliamua tarehe 29 Oktoba 1793 kwamba hakuna mtu anayeweza kumlazimisha raia avae kwa namna fulani, ila kila mmoja abaki na mavazi ya jinsia yake. Sheria zikaondoka. Macho ya watu yalibaki, na macho yana hukumu zake.

Ni hukumu za haraka mno. DongWon Oh, Eldar Shafir na Alexander Todorov walichapisha mwaka 2020 majaribio ambayo watu walionyeshwa nyuso zilezile zikiwa na nguo za juu zilizoonekana za mwenye nacho kidogo zaidi au kidogo pungufu. Uso uleule ulipewa alama kubwa zaidi za uwezo wa kazi ukiwa na nguo za mwenye nacho, hata picha ilipoonyeshwa kwa milisekunde 129 tu, yaani kama sehemu moja ya nane ya sekunde. Waamuzi waliambiwa wapuuze nguo. Waliambiwa kipato na kazi ya mtu. Katika jaribio mojawapo waliahidiwa hata fedha wakifanikiwa kuzipuuza. Hukumu iliendelea kuegemea upande uleule.

Na hukumu huingia mfukoni. Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, wakitumia takwimu za Marekani na Kanada, walionyesha mwaka 1994 kwamba watu walioonekana si wazuri wa sura walipata mshahara pungufu kwa asilimia 5 hadi 10 ukilinganisha na wa wastani. Mwaka 2016 Jaclyn Wong na Andrew Penner waliongeza swali ambalo linatuhusu zaidi hapa: je, ni sura yenyewe au ni kujitengeneza? Kwa wanaume, kujitengeneza kulieleza kama nusu ya faida ya kuonekana wa kuvutia. Kwa wanawake kulieleza karibu faida yote. Maana yake ni kwamba mwanamke hupewa thamani hiyo kwa kazi anayoifanya mbele ya kioo zaidi kuliko kwa alivyozaliwa, na akiiacha kazi hiyo, faida inaondoka nayo.

Mtangazaji wa televisheni wa Australia, Karl Stefanovic, alilionyesha hilo waziwazi. Mwenzake wa kipindi cha asubuhi, Lisa Wilkinson, alikuwa akipokea malalamiko ya watazamaji kuhusu nguo zake. Stefanovic akavaa suti moja ya bluu karibu kila siku kwa mwaka mzima. Mwezi Novemba 2014 alipoeleza alichofanya, hakuna mtazamaji aliyekuwa amegundua. Nimesoma makala nyingi zinazowasifu wanaume kwa kutojali kwao, na karibu zote zinasahau kwamba sifa hiyo imewakuta wakiwa kwenye suti ambayo hakuna aliyeiangalia.

Cheo nacho kinaamua. Silvia Bellezza na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio kadhaa kuhusu watu wanaovaa kinyume cha matarajio. Wanafunzi walimpa hadhi kubwa zaidi profesa wa fulana na ndevu kuliko wa tai na kidevu kilichonyolewa, lakini pale tu walipoambiwa kwamba anafundisha chuo chenye jina. Jijini Milan, wauzaji wa maduka ya kifahari walimpa hadhi ya juu mteja wa kufikirika aliyeingia na nguo za mazoezi kuliko aliyeingia na gauni na koti la manyoya. Wanawake wengine wa jijini waliohojiwa, wasio wauzaji wa maduka hayo, hawakumpa. Na faida yote ilitoweka pale watazamaji walipohisi kwamba mtu hakukusudia, kwamba amevaa vile kwa kutojua.

Matokeo hayo yananiuma kila ninapoyafikiria. Anayezawadiwa ni yule anayejua kanuni na ana nguvu za kuzivunja hadharani. Asiyejali kwa kweli, ambaye hakukusudia chochote, haingii katika zawadi hiyo. Bilionea wa fulana ya kijivu anaitwa mwenye fikra. Mlinzi wa lango lake akija kazini na fulana ileile ataambiwa arudi nyumbani. Kwa hiyo mtu anapomshauri kijana anayetafuta kazi kwamba asijali mavazi kwa kuwa matajiri fulani hawayajali, anamkabidhi ushauri uliokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Kijana huyo ana haki ya kutojali moyoni mwake kadiri apendavyo. Siku ya usaili, shati lililopigwa pasi linamgharimu muda mdogo na linamwondolea kizuizi ambacho hakukiweka yeye.

Aliyekuwa akijali

Limebaki kundi moja, ambalo kulikosea kuna madhara makubwa kuliko mengine yote. Ni watu ambao walikuwa wakijali na sasa hawajali tena.

Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, humwondolea mtu hamu na nguvu, na kuoga, kuchana nywele na kubadilisha nguo ni miongoni mwa mambo yanayoanza kumshinda. Kunyanyuka kitandani kwenyewe kumekuwa kazi. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, mbali na sauti na imani ngeni ambazo watu wengi huzisikia, ina dalili za upungufu: hisia hufifia, ari hupotea, mtu huacha kujitunza. Katika ile demensia, yaani kudhoofika kwa uwezo wa akili, inayoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ambayo mara nyingi huwapata watu wa kati ya miaka 45 na 65, kumbukumbu inaweza kubaki imara kwa muda huku tabia ikibadilika. Mtu aliyekuwa nadhifu maisha yake yote anaanza kutoka na nguo chafu na haoni aibu, na familia inadhani amekuwa mkaidi.

Mwaka 1975 madaktari watatu wa Uingereza, Clark, Mankikar na Gray, walieleza katika jarida la Lancet habari za wazee 30 waliofikishwa hospitalini wakiwa wamejiacha kabisa, miili na nyumba zao zikiwa katika uchafu mkubwa ambao wenyewe hawakuuonea haya. Nusu yao hawakuwa na ugonjwa wa akili ulioweza kutambuliwa. Madaktari hao wakaiita hali hiyo kwa jina la Diogenes wa Sinope, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi ndani ya mtungi mkubwa (si yule mwandishi Diogenes Laertius). Jina hilo limeshika, na kwa maoni yangu linamwonea Diogenes na linawaonea wagonjwa. Diogenes alichagua akiwa macho, akakitupa hata kikombe chake alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja. Wengi wanaopewa jina lake leo hulimbikiza vitu hadi nyumba inakosa njia, na hakuna aliyewauliza kama walichagua. Kukataa na kuporomoka vimewekwa kwenye jalada moja kwa sababu tu ya nguo.

Kinachotenganisha kundi hili na mengine ni mabadiliko. Mtu aliyekuwa hivyo tangu ujana, anayesahau kubadilisha shati kwa kuwa ameshikwa na hesabu, bustani au muziki, umakini wake uko mahali. Ukimfuata utaukuta, na mara nyingi ukiwa na furaha. Aliyeanza kuumwa umakini wake haujahamia popote. Ameacha kujitengeneza, na pia ameacha kupokea simu, ameacha chakula alichokipenda, ameacha kazi ya mikono iliyokuwa ikimpa raha. Mabadiliko hayo yanaweza kutokea ndani ya wiki chache au yakanyemelea kwa miaka, na wanaoishi naye ndio wenye nafasi ya kuyaona kabla ya mtu mwingine.

Wao wasianze na maneno kuhusu nguo, kwani mgonjwa wa sonona tayari anajilaumu vya kutosha, na mwenye demensia hataelewa analaumiwa nini. Waanze kwa kumuuliza analala vipi, anakula nini, amezungumza na nani wiki hii, ni lini mara ya mwisho alifanya jambo alilolipenda. Majibu yakitia wasiwasi, wamsindikize kwa daktari na waeleze tarehe walipoanza kuona tofauti, kwa sababu daktari anayemwona kwa mara ya kwanza hana njia ya kujua kwamba mtu huyu hakuwa hivi.